Kioo kidogo cha samaki: nani akae humo na nani asikae

Siku hizi si ajabu kuingia nyumba ya Lamu ukakuta kioo cha samaki kisichozidi lita kumi, mezani karibu na televisheni. Samaki wenyewe wametoka Mombasa, wamepanda basi hadi Mokowe, wakavushwa kwa boti, na baada ya wiki mbili tatu wengi huwa wameshakufa. Hapo ndipo ushauri unapomiminika. Mmoja atasema maji yalikuwa machafu, yabadilishwe yote kila Ijumaa. Mwingine atasema yalibadilishwa mno. Wa tatu atauliza ni nani aliyekuja akawatazama, akawasifu bila kusema mashallah. Mwenye tangi huchanganyikiwa, hununua wengine, na mambo hujirudia yaleyale.

Habari ya kijicho siibishi hapa. Lakini samaki hao, mara nyingi, hukumu yao ilipita siku waliyochaguliwa: walikuwa viumbe wasiofaa, wakatiwa kwenye maji machache mno, kabla maji hayo hayajawa tayari kupokea mtu. Kwa tangi dogo, uchaguzi wa nani akae humo ndio kazi yenyewe. Makosa mengine mengi yanarekebishika, ila ukikosea wakazi hakuna dawa ya dukani itakayokuokoa.

Tuanze na maneno. Tangi ninalozungumzia ni la maji matamu, yaani maji yasiyo na chumvi ya bahari, kama ya mvua, ya mto au ya kisima kizuri. Wakazi wake hawana uhusiano na wale samaki wa rangi unaowaona miambani ukipiga mbizi Manda Toto au kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi. Mwili wa samaki wa bahari umezoea chumvi. Ukimtia kwenye maji matamu, maji humwingia kupita uwezo wake wa kuyatoa, naye hufa upesi. Kwa hiyo kitatange aliyechotwa na watoto kwenye kidimbwi wakati wa maji kupwa arudishwe alikotoka, siku hiyohiyo.

Tangi dogo sana, kwa mazungumzo yetu, ni la chini ya lita 40. Kujua lako lina lita ngapi, pima urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, zidisha, kisha gawa kwa 1,000. Tangi la sentimita 40 kwa 25 kwa 25 lina lita 25. Ukishatia mchanga na mawe, na kuacha nafasi juu, maji yanayobaki ni kama lita 20, dumu moja la manjano. Wakazi wote watakula ndani ya dumu hilo, watapumua humo na watajisaidia humo.

Watu wengi hudhani tangi dogo ndilo la kuanzia kwa sababu ni rahisi kulitunza. Ni kinyume. Tia kijiko cha chumvi kwenye sufuria ya pilau ya watu thelathini, hakuna atakayejua. Kitie kijiko hichohicho kwenye kikombe cha chai uone. Uchafu ndani ya maji hufanya kazi namna hiyo. Kipande cha chakula kilichosahauliwa, au konokono mmoja aliyefia nyuma ya jiwe, ni jambo dogo kwenye tangi la lita 200. Kwenye lita kumi kinaweza kuwaua wote kabla ya alfajiri. Joto nalo hupanda na kushuka haraka kwenye maji machache, na maji yakipata joto hubeba hewa pungufu: kwenye nyuzi 20 lita moja hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu.

Sumu isiyoonekana

Sumu inayoua samaki wengi wapya inaitwa amonia. Samaki huitoa hasa kupitia matamvua yake, na chakula kinachooza huitoa pia. Haina rangi. Maji yanaweza kuwa maangavu kama ya kunywa na bado yakaua, ndiyo maana mwenye tangi huapa kwamba maji yake yalikuwa safi.

Asili ina watu wake wa usafi. Kuna bakteria wanaoila amonia wakaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hao hawaogelei ovyo. Hukaa kwenye sponji ya filta, yaani chombo cha kuchujia maji, kwenye mchanga, juu ya mawe na majani. Tangi jipya halina wa kutosha, na kuwakuza huchukua kama wiki nne hadi sita.

Kwetu pwani subira hiyo ina uzito zaidi. Kuna kipimo kiitwacho pH kinachoonyesha maji yameelekea uchachu au magadi. 7 ni katikati. Maji yetu ya visima, yanayopita kwenye chokaa ya matumbawe ya kale, mara nyingi hukaa juu ya 7. Maji yakipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara kumi, na joto huiongeza tena. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa nchi ya baridi angekivumilia kwa siku kadhaa, wa Lamu mwezi wa Machi hakivumilii.

Basi fanya hivi. Panda mimea, jaza maji, washa filta, tia chakula kidogo sana kila baada ya siku mbili kana kwamba kuna samaki, na usinunue samaki. Kama rafiki ana tangi la siku nyingi lenye afya, muombe kipande cha sponji ya filta yake. Ukikipachika kwenye yako kikiwa bado kimelowa, muda hupungua sana. Duka likiuza karatasi za kupimia amonia na nitriti, hizo ni pesa zilizokwenda mahali pake kuliko jumba la plastiki la kuweka ndani. Vipimo vyote viwili vikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo huku chakula kikiendelea kutiwa, tangi limekomaa.

Hapa ndipo inapoanguka ile nasaha ya kumwaga maji yote kila wiki na kusugua kila kitu hadi kimetamete. Anayefanya hivyo, akisuuza sponji chini ya mfereji wenye klorini, anawaua wale bakteria na kulirudisha tangi siku ya kwanza. Badilisha robo ya maji kwa wiki, au chini ya hapo kama wakazi ni wachache. Sponji isuuzwe ndani ya maji yaleyale uliyoyatoa tangini.

Mbona birika la bibi halikuwa na filta?

Swali hili nimelisikia mara nyingi, na ni swali zuri. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na birika chooni, hodhi la chokaa lililojengwa ukutani, na ndani yake wakiishi samaki wadogo waliowekwa ili wale viluwiluwi vya mbu. Katika baadhi ya nyumba mafundi walijenga bakuli la kauri ya Kichina chini kabisa ya birika, ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kukaa. Hawakuwa na umeme, wala pampu, wala dawa. Na waliishi.

Waliishi kwa sababu kila kitu kwenye birika kiliwafaa. Maji yalikuwa mengi na samaki wachache. Kila aliyeingia kuoga au kutawadha alichota kwa kata, na maji mapya kutoka kisimani yakamiminwa badala yake, kwa hiyo maji yalibadilika kila siku, kidogo kidogo. Hakuna aliyewamwagia chakula cha unga mara tatu kwa siku. Chakula chao kilikuwa kile mbu alichotaga. Chumba kilikuwa na kivuli na kuta nene, maji hayachemki mchana. Na samaki wenyewe walikuwa wadogo, wagumu, waliozoea maji ya hapahapa.

Ukilitazama birika kwa makini, limebeba karibu masharti yote ya tangi dogo zuri: viumbe wachache, wadogo kwa maumbile, wanaoyakubali maji uliyonayo, chakula kidogo, kivuli, maji mapya kwa kiasi na mara kwa mara. Kioo cha lita kumi chenye samaki wa dhahabu wawili kimevunja kila moja.

Jambo la mbu nalo lisisahauliwe. Mwaka 2004 Lamu ilipigwa na mlipuko wa chikungunya, na uchunguzi wa damu uliofuata ulikadiria kwamba karibu robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mbu anayeeneza ugonjwa huo, Aedes aegypti, huzaliana kwenye maji ya kuwekwa majumbani, na mlipuko ule ulikuja wakati wa ukame, watu wakiwa wamehifadhi maji kwa muda mrefu bila kuyamaliza. Tangi lisilo na samaki, maji yake yakiwa yametulia, ni nyumba ya mbu kama dumu lolote lililoachwa wazi. Lifunike kwa kioo au kitambaa chenye matundu madogo. Lakini usikate kipande cha chandarua chenye dawa ukalifunika nacho! Dawa iliyomo ni ya kuua wadudu, na kwa samaki na kamba ni sumu kali. Vivyo hivyo dawa ya kupuliza ya mbu na mende: siku ya kupuliza, funika tangi kwa plastiki na uzime pampu ya hewa hadi harufu iondoke.

Maji yako kwanza, kisha wakazi

Kosa kubwa ni kumpenda samaki dukani kisha kuanza kutafuta namna ya kuyabadilisha maji yamfae. Anza na maji yanayofika nyumbani kwako.

Mji wa Lamu kwa miaka mingi umetegemea visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunywewa na mchanga, maji matamu yakakaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake. Yakivutwa kupita kiasi, au kiangazi kikirefuka, chumvi hupanda. Malindi hupata maji yake kutoka Baricho, kwenye visima vya kando ya mto Sabaki, nayo hutiwa klorini kabla ya kusambazwa. Kwa hiyo watu wa miji hii miwili hawawezi kufuata ushauri mmoja kwa upofu.

Jipimie mwenyewe. Osha mikono kwa kipande cha sabuni ya kawaida: povu likikataa na ukabaki na utando unaonata, maji yako ni magumu, yana chokaa nyingi. Kisha dondosha matone machache kwenye kioo safi, uyaache yakauke kivulini. Maji ya mvua hayaachi kitu cha kuonekana. Maji ya kisima huacha duara jeupe, na kadiri linavyokuwa nene ndivyo madini yalivyo mengi. Yakiwa na ladha ya chumvi ulimini, yachanganye na ya mvua au utafute mengine. Maji ya mfereji yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatia tangini.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Chini ya feni na kwa joto letu, maji ya tangi hupungua kila siku, lakini kinachopaa ni maji peke yake. Chumvi na chokaa hubaki. Ukijazia kwa maji ya kisima kila mara bila kutoa ya zamani, miezi ikipita tangi huwa gumu na la chumvi kuliko kisima chenyewe. Pengo la mvuke lijaze kwa maji ya mvua. Mtu mwenye pipa la mvua ya masika ana akiba kubwa kwa kazi hii.

Kombe na vipande vya matumbawe vilivyookotwa ufuoni huyeyuka polepole na kuongeza chokaa. Kwa konokono na gapi, samaki mdogo nitakayemtaja mbele, havina neno, vikioshwa vizuri. Kwa samaki wa maji laini vinadhuru. Matumbawe hai yaachwe baharini, kwa tangi lolote lile.

Mimea huingia kabla ya mtu yeyote

Kwenye tangi dogo, mmea hai ni mfanyakazi. Hula amonia na nitrati, hutoa oksijeni mchana, na huwapa wadogo mahali pa kujificha. Ua la plastiki halifanyi lolote kati ya hayo.

Wa kwanza ninaoupendekeza ni Ceratophyllum, unaoelea bila mizizi, wenye majani membamba kama sindano. Hukua haraka, na mmea unaokua haraka ndio unaosafisha zaidi. Unaweza kuukata nusu kila wiki na bado ukaupata umejaa tena. Maji magumu hauyachukii. Vallisneria, wenye majani marefu kama utepe, nao huyapenda maji ya chokaa, ingawa kwenye tangi fupi majani yake hukunjamana juu na kuleta giza. Anubiasi, mmea wa Afrika Magharibi, hukua taratibu na kustahimili kivuli. Ule mzizi wake mnene unaolala usifukiwe mchangani, maana huoza. Ufunge juu ya jiwe kwa uzi. Jimbi la Java (Java fern) hufungwa vivyo hivyo.

Mimea ya kuelea kama Pistia hufaa, ukiwa tayari kuipunguza kila mara. Magugu maji yale yaliyolisumbua Ziwa Victoria usiyaguse, hata ukiyaona yana ua zuri, na mmea wowote uliopunguza ukaushe juani kabla ya kuutupa. Usiutupe kisimani wala mtoni.

Watu huogopa kwamba mimea usiku itawaibia samaki hewa. Ni kweli kwamba gizani mimea hupumua kama sisi, lakini kwa tangi lenye wakazi wachache na maji yanayotikisika juu kidogo, hilo si la kukunyima usingizi. Cha kuogopa zaidi ni jua. Tangi likikaa kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, au karibu na dirisha linalopigwa na jua la mchana, utapata mwani wa kijani kila mahali na maji ya uvuguvugu. Taa kwa saa sita hadi nane, na mahali penye kivuli, vinatosha. Meza nayo iwe imara: lita 25 pamoja na kioo na mchanga hupita kilo 30.

Wakazi wasio samaki

Ukiwa na tangi la lita 10 hadi 15, shauri langu ni kwamba usiweke samaki kabisa. Najua halipokelewi vizuri, hasa mtoto akiwa amesimama pembeni anasubiri. Lakini kuna maisha ya kutazamwa humo bila samaki hata mmoja.

Kamba wadogo wa maji matamu wa aina ya Neocaridina, wale wekundu waliotokana na kamba wa Asia ya Mashariki, hufika sentimita mbili au tatu tu. Mtazame mmoja kwa dakika chache juu ya jani la anubiasi: miguu ya mbele haipumziki, inachambua utando usioonekana na kuupeleka kinywani, mkono huu ukishuka mwingine unapanda. Akibadilisha gamba hukuachia nguo tupu mchangani, angavu, yenye umbo lake lote hadi sharubu. Usiitoe, wenzake wataila wapate madini. Kumi wa kwanza wakipendezwa huzaana wenyewe, na uchafu wao ni mdogo mno. Masharti yao ni mawili. Joto likizidi nyuzi 30 huanza kuteseka, hivyo nyumba ya mawe ya ghorofa ya chini inawafaa, chumba cha mabati hakiwafai. Na hawavumilii shaba hata kidogo: dawa nyingi za samaki zina shaba, soma karatasi yake kabla ya kuitia.

Konokono ni wasaidizi wazuri, hula mwani na mabaki ya chakula, na maji yetu ya chokaa huyajenga makombe yao. Hapa nina onyo ambalo nalisema kwa uzito wote. Usiokote konokono wala mimea kwenye madimbwi, mifereji au kingo za mito kwa ajili ya tangi. Kichocho kipo pwani, na vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa maji matamu wa jamii ya Bulinus. Wale wa jamii ya Biomphalaria, walio bapa kama sahani, hubeba kichocho cha matumbo. Konokono aliyeambukizwa huendelea kutoa vimelea majini, navyo hupenya ngozi ya mkono unaousafisha nao kioo. Si kweli, hata hivyo, kwamba kila konokono ana kichocho. Anayeanguliwa huzaliwa bila vimelea. Huvipata pale tu maji yanapochafuliwa na mkojo au kinyesi cha mtu mgonjwa. Konokono waliozaliwa tangini, kizazi baada ya kizazi, hawana hatari hiyo. Chukua hao.

Sasa samaki

Kuna imani kwamba samaki hukua kwa kadiri ya chombo. Hii imeua samaki wa dhahabu wasiohesabika. Samaki wa dhahabu kwa maumbile hufika sentimita 20, huishi zaidi ya miaka kumi akitunzwa, hupenda maji ya baridi kuliko yetu na hutoa uchafu mwingi. Akidumaa kwenye kioo kidogo, hajajirekebisha kufuata nyumba. Ameharibiwa na maji. Asiingie kwenye tangi la chini ya lita 40, hata mmoja, hata mdogo. Pleko anayeuzwa kama msafishaji ni vivyo hivyo: hupita sentimita 30, hali kinyesi cha wenzake, na cha kwake ni kingi. Watoto wa perege kutoka mtoni ni wazuri wakiwa na urefu wa kidole, kisha hawashikiki.

Neoni tetra wenye mstari wa buluu huvutia kila mtu. Asili yao ni mito ya Amazon, maji laini yenye uchachu. Kwa maji ya visima vya Lamu nisingewashauri.

Kwa lita 20 samaki anayefaa ni beta dume, mmoja tu. Beta anatoka Thailand, anaridhika na nyuzi 25 hadi 29 bila kifaa cha kupashia joto, na ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji. Umeme ukikatika usiku ana nafuu kuliko wengine. Lakini uwezo huo ndio uliozaa ile dhana kwamba anaweza kuishi kikombeni. Anaweza kupumua humo, lakini amonia humuunguza kama samaki yeyote. Mpe filta ya polepole, majani ya kulalia juu, na usimwekee dume mwenziwe. Kamba wakubwa huenda akawaacha, watoto wao atawala.

Kwa lita 30 hadi 40, na maji magumu, gapi ndiye wetu. Chokaa anaipenda, hata chumvi kidogo haimsumbui, ni mdogo, na viluwiluwi huvila kwa pupa kama wale wa birika. Chagua madume watano au sita, na madume peke yao. Jike mmoja huzaa takriban kila baada ya wiki nne, mara nyingi watoto 20 au zaidi, na anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Ukimnunua peke yake ukadhani umepona, siku moja utakuta tangi limejaa. Moli naye anapenda maji yetu, lakini hukua na kuchafua. Aende kwenye tangi kubwa.

Kuna wanaouliza kuhusu samaki wetu wenyewe, wale wa jamii ya Nothobranchius wanaotokea kwenye madimbwi ya mvua ya pwani ya Kenya. Ni wazuri ajabu, madume wana rangi zinazoshindana na za samaki wa bahari, na maisha yao ni ya pekee: dimbwi likikauka wakubwa hufa wote, mayai hubaki hai ndani ya tope hadi mvua irudi. Huishi miezi tu. Mimi nasema waachwe. Kila dimbwi linalofukiwa kwa ujenzi huenda na kizazi chake chote, na kila anayewabeba kwa ndoo anaongeza kasi.

Ukishachagua, waingize taratibu. Mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika kama 20, taa ikiwa imezimwa, kisha uongeze humo kikombe kimoja cha maji ya tangi kila baada ya dakika chache, kwa kuwa maji ya Mombasa na ya kwako hayalingani. Mtoe samaki kwa wavu, maji ya mfukoni uyamwage nje. Siku hiyo asile. Kuanzia kesho mpe kiasi cha kumalizika ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku, na siku moja ya juma afunge. Ongeza samaki mmoja au wawili kwa wiki, si wote pamoja, ili wale bakteria wapate muda wa kuzidi. Na gapi wakizaana kwa bahati mbaya, wagawie wenye matangi au wenye mabirika yaliyofungwa. Mtoni na kwenye madimbwi wasitiwe, kwa sababu huko tayari kuna wenyewe.